Mwonja Maji wa Banioni

Siku ya nne ya Ramadhani, jua lilipoanza kuuma, Kuruthumu aliinama kwenye jaruba lake la mwisho akakuta ncha za majani ya mpunga zimebabuka. Si jaruba zima. Ulikuwa mstari mmoja tu kando ya tuta, kama kwamba kuna mtu alipita na kijinga cha moto akawa anayagusa majani moja moja kwa mzaha. Alivuta jani moja katikati ya vidole viwili, ncha ikakatika kwa mlio mkavu. Kisha akalitazama tuta lenyewe. Pale udongo ulipokauka palikuwa na weupe mwembamba, mfano wa unga unaobaki kwenye ungo baada ya kuchekecha.

Aliutazama mfereji, akautazama mpunga, akageuka tena kuutazama mfereji.

Weupe ule aliujua. Misimu miwili mfululizo ulikuja hivyohivyo: kwanza kando ya tuta, kisha katikati, mwisho mpunga unasimama wa kahawia, mashuke yamejaa mapepe, punje zisizo na kitu ndani. Msimu wa kwanza watu wa mkiani, yaani wenye majaruba ya mwisho wa mfereji karibu na mikoko, walisema ni mbegu mbaya. Msimu wa pili walisema kuna jicho. Msimu huu hakuna aliyebaki na la kusema, na Mwishehe, mume wake, alikuwa ameshatoa kauli.

"Mama Naila, mimi sigombani na ardhi," alimwambia siku chache kabla ya mfungo. "Bwana Dadi anakitaka kipande chetu akichimbe mabwawa ya chumvi. Nimemwambia asubiri. Mpunga huu ukisimama, tumebaki wakulima. Ukifa, Idi ikipita natia saini."

Aliyasema hayo huku anapangusa jembe, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chai ipo. Hilo ndilo lililomtisha Kuruthumu. Mume anayefoka unaweza kumngoja apoe. Mwishehe alikuwa ameshapoa tangu mwanzo. Wala Bwana Dadi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mabwawa yake huko chini, anayafungulia maji ya bahari, anaacha jua lifanye kazi, anazoa chumvi. Lakini ardhi ikishafanywa bwawa la chumvi, mpunga haurudi tena pale, hata wajukuu waje na jembe.

Kuruthumu hakuzaliwa bondeni. Alizaliwa Bagamoyo mjini, Dunda, katika nyumba ya watu waliokula kwa bahari. Mama yake, Bi Esha, alikuwa mwokota kombe na chaza. Hakuwa na saa ya ukutani wala ya mkononi. Alihesabu mwezi kwa pingili za vidole, na kwa hesabu hiyo alijua saa ngapi abandike uji na saa ngapi atoke na kikapu. Mwezi ukiandama, na tena ukitimia kumi na tano, ni bamvua: bahari inajaa hadi inakaribia kuingia ndani kwa watu, kisha inakupwa inaacha mchanga mweupe mpaka mbali. Baina ya hizo ni siku za maji mafu, bahari kama imechoka, haiji karibu wala haiendi mbali. Watoto wa nyumba ile waliyajua hayo kabla ya kujua herufi.

Herufi zenyewe Kuruthumu alizipata kidogo. Alipofika darasa la tano mama yake aliumwa miguu, na ndugu walikuwa wengi. Alitolewa shule kwa maneno ya "kwa muda tu", na muda ule haukuisha. Kusoma anasoma. Kuandika anaandika, kwa herufi kubwa zilizoachana kama watu waliogombana.

Kabla ya hapo, akiwa na miaka tisa, aliambiwa amwangalie mdogo wake Yahya pwani. Aliinamia kombe. Alipoinua kichwa, mchanga aliokalia mtoto ulikuwa kisiwa na maji yalikuwa yanazunguka nyuma yake bila kelele. Mwanamke mmoja alijitosa hadi kifuani akamtoa. Yahya siku hizi ni baba wa watu, akikumbushwa anacheka. Kuruthumu hacheki. Tangu siku ile hajawahi kukaa mahali akaegemea. Akipika anatoka nje mara tatu. Akilala anaamka kuhesabu viatu mlangoni. Wanawe walipokuwa wadogo aliwahesabu hata wakiwa wote wamelala juu ya mkeka mmoja mbele yake.

Mwishehe alimwoa akampeleka kwao Fukayosi, na baadaye wakapata vipande viwili vya bondeni, kandokando ya Ruvu, chini kabisa kule mto unakokaribia kuonana na bahari. Dada yake Mwishehe, Mwanvita, alipata kipande cha jirani. Mwanvita ni mwanamke mnene, mcheshi, na wifi wa kweli: hana siku anayompitia Kuruthumu bila kumchokoza.

Aliyebadili mambo kidogo alikuwa Sabiha, bibi shamba, msichana wa miaka thelathini hivi mwenye pikipiki na buti. Mwaka jana, baada ya mpunga kufa mara ya pili, alikuja na kipimo kidogo mfano wa kalamu nene. Alikichovya kwenye maji ya mfereji, akakichovya kwenye udongo aliouvuruga ndani ya kopo, akawaambia watu wa mkiani kwamba hapakuwa na jicho wala mbegu mbaya. Kulikuwa na chumvi. Inakuja na maji ya mto wakati mto umepungua, na inapanda yenyewe kutoka chini kila udongo unapoachwa ukauke.

"Ioshwe," alisema. "Jaza maji matamu kwenye jaruba, yaache yalale, yafungulie yatoke yote. Rudia. Chimbeni mfereji wa kutolea, maana mnayo njia ya kuingiza maji, ya kutoa hamna. Wekeni samadi na makapi ya mpunga. Na jaruba lisikauke hata siku moja."

"Na maji matamu tutayajuaje?" aliuliza Mwanvita. "Au utatuachia hiyo kalamu yako?"

Kipimo kilikuwa kimoja kwa vijiji vingi. Sabiha alicheka kwa haya. Ndipo Kuruthumu, aliyekuwa amesimama nyuma ya wenzake, akasema ulimi wake unaweza. Watu walimgeukia. Sabiha alichukua chupa tatu za maji ya sehemu mbalimbali, akazipima kwa siri, akampa aonje. Kuruthumu alionja, akatema, akazipanga kutoka tamu hadi chungu bila kukosea. Walimbadilishia mara tatu. Mara tatu alizipanga sawasawa.

Tangu hapo akawa na kazi isiyo na mshahara. Kila mara kabla Adamu, mwendesha pampu, hajawasha mashine pale banioni, mahali mfereji unapochukua maji ya mto, Kuruthumu huchota kiganja kimoja. Akitikisa kichwa, pampu haiwashwi. Mwanvita alimpa jina la Bi Ulimi. Lakini Rajabu ilipita na Shaabani ikapita, udongo ukaoshwa, mfereji wa kutolea ukachimbwa na watu wa mkiani wote, na mpunga ukatoka kijani cha kuumiza macho. Kuruthumu alikuwa akiutazama akaogopa kuusifu hata kimoyomoyo.

Halafu Ramadhani ikaandama, katikati ya kiangazi, mto ukiwa umekonda na masika bado.

Wiki moja kabla, kamati ya maji ilikaa. Pampu ilikuwa ikiwashwa saa nne asubuhi hadi saa saba. Mzee Shamsudin, mwenyekiti, alisema kwa mwezi wa mfungo si haki kumweka mtu juani na kiu. Maji yafunguliwe mara tu baada ya swala ya alfajiri, watu wakiwa bado na nguvu za daku, na saa mbili kazi iwe imekwisha. Wote walikubali. Kuruthumu naye alikuwepo. Alikubali upesi kuliko wengine, kwa sababu mchana ule angeweza kulala kidogo. Na hakuna aliyeuliza habari ya kuonja. Mtu amefunga, ataonjaje maji?

Sasa, amesimama juu ya tuta lenye weupe, ndipo hesabu ya mama yake ilipomjia yenyewe kwenye pingili. Mwezi mwandamo ni bamvua. Siku za bamvua Bi Esha alikuwa akitoka na kikapu saa tatu, saa nne asubuhi, maji yakiwa mbali. Kwa hiyo alfajiri yamejaa. Yamejaa baharini, na baadaye kidogo yamejaa mtoni, yakipanda na chumvi yake hadi banioni, saa ileile Adamu anayowasha pampu. Siku nne wameunywesha mpunga maji hayo.

Na Ramadhani haianzi ila mwezi ukiandama. Wangeweza kuyajua hayo tangu wiki nzima kabla. Yeye hasa angeweza. Mtoto wa Bi Esha, aliyekaa kwenye kikao akifikiria usingizi wa mchana.

Aliondoka pale nusu anakimbia.

Adamu alikuwa kivulini anaifuta mashine. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Maji ya leo uliyaonja?"

"Nimefunga, mama."

"Ya jana?"

"Jana nilifunga pia. Na juzi. Au wewe una taarifa nyingine kuhusu mimi?"

"Adamu, sina mchezo. Maji yanayoingia alfajiri ni ya chumvi."

Adamu aliweka kitambaa chini. "Mimi nawasha kwa saa niliyopewa. Nenda kwa mzee."

Mzee Shamsudin alifundisha watoto Kurani mchana na alikuwa mgumu kumpata peke yake. Kuruthumu alimfuata siku mbili. Mara ya kwanza alimkuta amelala. Mara ya pili alimkuta na watoto, akakaa kwenye kizingiti hadi juzuu ikafungwa.

"Mzee wangu, mpishi akiwa amefunga anaruhusiwa kuonja mchuzi?"

"Kwa ncha ya ulimi, akatema, akasukutua. Kwa haja. Si kwa ulafi."

"Na maji ya shamba?"

Mzee alimtazama juu ya miwani. "Umehangaika siku mbili kwa swali hilo?"

"Naogopa kuharibu funga yangu, na naogopa kuharibu shamba langu. Sijui ipi nianze kuiogopa."

"Onja, mwanangu. Haja ipo. Ila saa za pampu sizigeuzi kwa maneno. Watu wameshapanga siku zao."

Kesho yake, ambayo ilikuwa siku ya saba, Kuruthumu alisimama banioni alfajiri mbele ya watu saba, akachota, akagusa kwa ncha ya ulimi, akatema, akasukutua mara tatu. Maji yalikuwa matamu.

"Kama ya dafu," alisema Adamu, ambaye naye alionja, akatema.

Mwanvita alikunja mikono. "Wifi yangu, sasa chumvi imekwenda wapi? Imefunga na yenyewe?"

"Bamvua imepita. Sasa ni maji mafu, bahari haina nguvu ya kufika huku. Itarudi mwezi ukikaribia kumi na tano."

"Basi ungengoja siku zako za ruhusa, uonje hadi ushibe."

"Siku zangu za ruhusa zimeshaniaga, Mwanvita. Tangu mwaka juzi."

Wanawake walicheka, na wanaume wakajifanya wanatazama mto. Kuruthumu hakucheka. Alikuwa anahesabu. Mpunga ulikuwa karibu kubeba mimba, na Sabiha alishawaambia: shuke likiwa bado tumboni mwa mmea, chumvi ikiukuta, linatoka tupu. Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Siku hizohizo.

Wiki ile ya maji mafu aliitumia kuosha. Alifungulia maji yakajaa, akayaacha yalale, akayatoa kwa mfereji wa kutolea, akajaza tena. Maji yaliyotoka aliyaonja nayo. Siku ya kwanza yalikuwa na ukali, siku ya tatu ukapungua. Mwanvita, kwa mdomo wake wote, alikuja na jembe bila kuitwa akazibua matope mfereji mzima huku akilalamika kana kwamba aliyemwoa Kuruthumu ni yeye, si kaka yake. Ncha zilizobabuka hazikupona, lakini majani mapya yalitoka safi. Jioni Kuruthumu aliyakagua, akarudi nyumbani, akaondoka tena kabla ya adhana kwenda kuyakagua.

"Umeona nini cha ziada?" Mwishehe alimuuliza wakifuturu.

"Hakuna."

"Basi kula."

Alikunywa uji wa pilipili manga vijiko viwili, akaweka bakuli chini. "Baba Naila, siku ya kumi na nne njoo banioni."

"Kufanya nini?"

"Kusimama tu. Wasinicheke peke yangu."

Mwishehe alitafuna muhogo taratibu. "Na ukikosea?"

"Nikikosea, wewe unatia saini, mimi nanyamaza."

Alishangaa kusikia ameyasema. Naila, binti yao mkubwa, aliinua macho kutoka kwenye sahani ya tambi, akamtazama baba, akamtazama mama, akainama tena.

Siku ya kumi na nne watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Habari ilikuwa imezunguka kwamba Bi Ulimi na mzee watapimana. Mzee Shamsudin mwenyewe alikuja moja kwa moja kutoka msikitini, kanzu ameipandisha isiguse matope. Mwishehe alisimama pembeni, mikono nyuma. Mwanga ulikuwa unaanza kufunguka.

Kuruthumu alishuka ngazi za udongo, akachota. Akagusa. Akatema.

Yalikuwa matamu.

Alirudia. Matamu.

"Vipi?" aliuliza mzee kutoka juu.

"Matamu," alisema, kwa sababu hakuweza kusema vingine.

"Basi. Adamu, washa. Mpunga una kiu."

Adamu alishika mkono wa kuwashia mashine. Kuruthumu alikuwa bado amechuchumaa, macho kwenye maji, kama alivyopaswa kuyaweka siku ile pwani. Fungu la magugu-maji lilikuwa linapita mbele yake, na juu yake povu kidogo. Lilikuwa linapita kutoka kushoto kwenda kulia. Alilifuata kwa macho hadi likapotea kwenye kona ya juu.

Mto ulikuwa unarudi nyuma.

"Adamu, usiwashe."

"Mama, umesema mwenyewe matamu."

"Tazama yale magugu. Yanakwenda wapi?"

Adamu alitazama. Mzee alitazama. "Yanapanda," alisema Adamu polepole.

"Bahari inausukuma mto juu. Hapa tunaonja maji ya mtoni yaliyotangulia. Ya bahari yenyewe yako nyuma, yanakuja. Tukiwasha sasa, nusu saa tutanywesha maji matamu, na saa nzima tutanywesha chumvi. Ndivyo tulivyofanya zile siku nne. Kila aliyeonja mwanzo angesema matamu."

"Na kama hayakuja?" alisema mwanamume mmoja wa majaruba ya juu. "Jua likitoka tumepoteza zamu."

"Yakichelewa, chukua zamu yangu ya wiki nzima."

"Mama Naila," Mwishehe alisema, kwa sauti ya chini.

Mzee Shamsudin aliitazama pampu, akautazama mto. "Tutangoja hadi jua litoke lote. Likitoka, Adamu unawasha, na sitaki kusikia neno."

Walingoja. Wengine walikaa juu ya magunia, wengine waliegemea majembe. Kuruthumu hakukaa. Kila muda mfupi alishuka, akagusa maji kwa ulimi, akatema, akapanda. Matamu. Alichomeka kijiti ukingoni, na maji yalikimeza. Akachomeka kingine juu yake. Matamu bado. Upande wa mashariki mbingu ikawa ya manjano, na ukingo wa jua ukatokeza juu ya mikoko. Adamu alikunja mikono ya shati.

Aliposhuka mara ya sita, au ya saba, hesabu ilimpotea, ulimi ulimchoma.

Hakuamini. Alisukutua kwa maji ya kopo lake, akaonja tena. Kisha akainua uso. "Njooni."

Adamu alikuwa wa kwanza. Alionja akakunja uso mzima, akatema mbali. "Hii ni bahari," alisema. Akashuka yule wa majaruba ya juu, akatema. Mwanvita alishuka kwa shida, ameshikwa mkono na wanawake wawili, akachovya kidole, akagusisha ulimi. Baadaye ukingo mzima ukawa mstari wa watu wenye kufunga, wanatema na kusukutua. Mzee Shamsudin alishuka wa mwisho. Alionja kidogo kabisa, akatema, akasukutua.

"Ningeyafungulia," alisema.

"Maji haya yataanza kushuka lini?" alimuuliza Kuruthumu.

"Leo kuanzia saa nne yanapungua. Saa tano hadi saa nane yatakuwa ya mto mtupu. Kesho sogeza mbele karibu saa moja. Na kila siku tuonje."

"Saa nane. Juani." Mzee alimgeukia Adamu. "Umesikia. Mimi siwezi kukuamrisha, umefunga."

Adamu alijikuna shingo. "Mashine itachemka kabla yangu."

"Futari yako iko juu yangu mpaka mwezi uishe," Kuruthumu alisema. "Na banda la makuti leo hii litasimama hapa."

"Uji uwe na nazi."

"Utakuwa na nazi."

"Basi nitakufa nimeshiba."

Siku zote za bamvua ile pampu ililia mchana kweupe, na watu wa mkiani walipokezana kumfunika Adamu kwa gunia lililoloweshwa maji. Mwishehe alileta makuti, akalifunga banda mwenyewe. Hakusema lolote kuhusu Bwana Dadi, na Kuruthumu hakuuliza. Usingizi ulimpaa. Mashuke yalianza kutoka siku ya ishirini na tatu, na kila asubuhi alikwenda kuyaminya moja moja, hayana kitu bado, yana maji tu, akarudi nyumbani akiwa na hakika kwamba ni mapepe.

Idi mosi walikula pilau kwa mchele wa dukani. Idi pili, saa tatu asubuhi, Bwana Dadi alifika kama alivyoahidi, kanzu mpya, na kamba ya kupimia imezungushwa kwenye mkono. Alisalimia kwa adabu, akaandaliwa halua na kahawa. Kuruthumu alikuwa jikoni, kikombe mkononi. Akakiweka chini. Akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mwishehe alimkuta shambani, amechuchumaa kwenye jaruba lilelile la mwisho. Bwana Dadi alikuwa nyuma yake hatua kadhaa, anachagua pa kukanyaga.

"Umemwacha mgeni," Mwishehe alisema.

Kuruthumu alikata shuke moja, akaminya punje kwa kucha. Kilitoka kitone cheupe kizito kama tui. Aliminya ya pili, ikatoka vilevile. Alimnyooshea mume wake kidole chenye kile kitone, na Mwishehe, mbele ya mgeni wake, akainama akakiramba.

Alikaa nacho ulimini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Tamu?" aliuliza Bwana Dadi kwa nyuma.

"Tamu," Mwishehe alisema. Alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Bwana Dadi, utanisamehe kwa kukuchosha njia. Kipande hiki kina wenyewe."

Bwana Dadi alitazama mpunga, uliokuwa umefika kiunoni, akatazama kamba mkononi mwake. Hakuonekana mwenye hasira. "Mwaka huu," alisema. "Mwakani mto utapungua tena."

"Mwakani tutaonana, inshaallah. Karibu kwanza umalize kahawa."

Wanaume wawili wakarudi nyumbani wakizungumza habari za bei ya mabati. Kuruthumu alibaki. Kulikuwa na kona moja, chini kabisa, ambayo siku zile nne za mwanzo iliyapokea maji ya chumvi kuliko kwingine kote, na mashuke yake yalikuwa yamesimama wima, meupe, mapepe matupu, hayakuinama. Aliingia katikati yake akaanza kuyahesabu. Alipofika mia na arobaini aliacha, akahesabu kwa pingili siku zilizobaki za bamvua ya mwezi mpya, kisha akainuka kwenda banioni kutazama maji yanakwenda upande gani.